Alipewa Mbili, Akaleta Nne

Somo la wiki: Mathayo 25:14–30



Mfano wa talanta tumezoea kuusoma kwa kukimbilia mwisho wake, kwa yule mtumwa wa tatu na shimo lake. Wiki hii nawaomba tusimame kwanza kwa wale wawili waliotangulia. Mmoja alikabidhiwa talanta tano, akaleta tano nyingine juu yake. Mwenzake alikabidhiwa mbili, akaleta mbili nyingine. Kwa jumla, huyu ana kumi na yule ana nne, na mhasibu yeyote angewapanga wa kwanza na wa pili bila hata kuinua kichwa. Sasa fungua aya ya 21 na aya ya 23, uziweke sambamba. Sifa aliyopewa mwenye kumi ndiyo aliyopewa mwenye nne, karibu neno kwa neno, na mwaliko wa kuingia furahani ni ule ule. Bwana wao hakuwashindanisha. Kila mmoja alipimwa kwa alichokabidhiwa yeye.

Wala tusimhurumie huyo wa pili kana kwamba alipewa makombo. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000 hivi, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Talanta mbili ni mishahara ya maisha mazima. Hakuna aliyepewa kidogo katika mfano ule, hata huyo wa tatu.

Nimerudi kwenye aya hizi kwa sababu ya ubao wa vishale ulioko kwenye ukumbi wetu wa vijana. Wanaokuja ibada ya kwanza tu huenda hawajauona. Uko ukutani upande wa jikoni, jicho la katikati likiwa mita 1.73 kutoka sakafuni, na mstari wa kusimama umechorwa kwa chaki mita 2.37 kutoka ubaoni, kama kanuni zinavyotaka. Ulipoletwa, baadhi ya wazee wa kanisa walinuna. Vishale ni mchezo wa baa, walisema, na leo ni vishale, kesho tutaletewa nini? Hoja yao niliisikia na bado naiheshimu. Lakini Jumamosi jioni vijana wanakaa ukumbini mpaka saa mbili, wanakunywa chai, na baadhi ya mama wa Umoja wa Wanawake wameanza kubaki baada ya mazoezi ya kwaya ili nao warushe. Mimi naona tumepata faida.

Kwa wasioujua mchezo: ubao umegawanywa vipande 20, kila kimoja na namba yake. Pete nyembamba ya nje huzidisha namba mara mbili, na pete nyembamba ya ndani huzidisha mara tatu. Kwa hiyo alama kubwa kuliko zote kwa kishale kimoja ni 60, yaani tatu ya ishirini. Hata jicho lenyewe lina 50 tu. Kila mchezaji hurusha vishale vitatu kwa zamu. Huanza na 501, anapunguza, na lazima afike sifuri kamili kwa kishale cha mwisho kinachoingia kwenye pete ya mara mbili au katika jicho lenyewe. Ndiyo maana nasema mchezo huu umewafundisha watoto wetu kutoa kwa kichwa kuliko darasa la tatu lilivyowafundisha.

Pembeni ya ubao kuna daftari. Katibu wa vijana aliamua kuandika alama za kila mtu, kisha akaanza kutafuta wastani: unachukua jumla ya alama zote za mchezaji, unagawanya kwa idadi ya vishale alivyorusha, unazidisha kwa tatu ili upate wastani wa zamu moja. Ndivyo wanavyofanya hata kwenye mashindano makubwa ya dunia. Huko, mwenye wastani wa 100 ni mchezaji wa daraja la juu, na mwaka 2016 Mholanzi Michael van Gerwen alimaliza mechi moja ya ligi akiwa na wastani wa 123.40. Ukumbini kwetu wengi wako kati ya 25 na 45. Hilo halina aibu. Mtu akirusha kwa kufumba macho, na kila kishale kikaangukia ndani ya ubao popote pale bila mpango, hesabu ya maeneo inaonyesha atapata kama 13 kwa kishale, yaani 38 au 39 kwa zamu. Tatizo ni kwamba vishale vya mgeni haviangukii vyote ndani ya ubao. Mlango wa jikoni ni shahidi.

Shida ilianza daftari lilipogeuka orodha. Orodha ikabandikwa kwenye mbao za matangazo, chini ya ratiba ya zamu za usafi: wa kwanza juu, wa mwisho chini, kila jina na wastani wake. Baada ya majuma machache waliokuwa chini wakawa hawaonekani. Mama mmoja alinikuta nje ya ofisi akaniambia, huku anacheka lakini macho hayacheki, “Mchungaji, kwenye vikoba mimi wa mwisho, kwenye kwaya nasimama nyuma, sasa na hapa nimeandikwa wa mwisho na karatasi ipo ukutani.” Nilimwambia, “Mama, karatasi ile itashuka.” Na ikashuka.

Lakini daftari sikuliondoa. Wako waliotaka lichomwe kabisa, wakisema kanisani hatupimani. Hapo sikukubaliana nao. Kipimo si dhambi. Mungu wetu anahesabu hata nywele za vichwa vyetu, kwa maelezo ya Mathayo 10, na Musa alihesabu makabila jangwani kwa amri yake. Hata katika mfano wetu, bwana yule aliporudi alifanya hesabu na watumwa wake. Hakuwaambia kwamba nia njema inatosha. Swali langu kwa katibu wa vijana lilikuwa moja: hizi namba zinamsaidia nani?

Tulikaa naye na daftari lenyewe. Jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba orodha ile ilikuwa inadanganya, tena bila mtu yeyote kukusudia uongo. Chukua mfano. Kijana mgeni anafika jioni moja, anarusha zamu tatu tu: 26, 41, 85. Wastani wake unakuwa karibu 51. Dada anayekuja kila wiki amerusha zamu 30, jumla 1,290, wastani 43. Kwenye orodha mgeni anakaa juu ya dada. Lakini ondoa ile zamu moja ya 85, ambamo huenda kishale kimoja kilipotea njia kikaingia kwenye pete ya mara tatu, na mgeni anabaki na 33 na nusu. Wastani wa zamu tatu ni uvumi. Wa zamu 30 ni ushuhuda, ingawa nao si wa mwisho. Torati ilikataza mtu asihukumiwe kwa shahidi mmoja (Kumbukumbu la Torati 19:15), na watu wa takwimu wamefika karibu na hapo kwa njia yao wenyewe: usimhukumu mtu kwa jioni moja.

Jambo hili limefanyiwa kazi na wataalamu wa kweli. Mwaka 1977 Wamarekani wawili, Bradley Efron na Carl Morris, waliandika kuhusu wachezaji 18 wa besiboli katika msimu wa 1970. Walichukua nafasi 45 za kwanza za kila mchezaji kuupiga mpira, wakajiuliza: tukitaka kukisia atafanyaje msimu uliobaki, tutumie nini? Jibu la haraka ni kutumia wastani wake mwenyewe. Wao walionyesha kwamba makisio huwa bora zaidi ukimvuta kila mchezaji kuelekea wastani wa kundi zima: aliye juu sana umshushe, aliye chini sana umpandishe. Kwa kipimo chao cha makosa, kosa la jumla lilipungua zaidi ya mara tatu. Aliyeongoza alikuwa amepiga vizuri mara 18 kati ya 45, asilimia 40. Msimu uliobaki alipata kama asilimia 35. Aliyeshika mkia alikuwa na mara 7 kati ya 45, chini ya asilimia 16. Baadaye akapanda hadi 20. Wa juu alibaki juu na wa chini alibaki chini, lakini pengo lao halisi lilikuwa dogo kuliko lilivyoonekana mwanzoni.

Nawaomba mlishike hilo. Tofauti kati ya watu, ukiitazama kwa muda mfupi, karibu siku zote huonekana kubwa kuliko ilivyo. Bahati huwatawanya watu wanaokaribiana, nasi tunaiita vipaji, au uvivu, au baraka, au laana, kutegemea tumeamkaje.

Yule aliyeongoza orodha ya wale 18 aliitwa Roberto Clemente, mzaliwa wa Puerto Rico, mchezaji wa Pittsburgh. Tarehe 23 Desemba 1972 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Managua, Nicaragua. Clemente alikusanya chakula na dawa, na kwa sababu kulikuwa na habari kwamba misaada iliyotangulia ilikuwa inaishia mikononi mwa wakubwa, aliamua kupanda ndege yeye mwenyewe ahakikishe mzigo unawafikia walengwa. Ndege ilikuwa imezidishiwa uzito. Ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka, usiku wa tarehe 31 Desemba, na mwili wake haukupatikana. Alikuwa na umri wa miaka 38. Rekodi zake zilisimama kwenye mapigo 3,000 kamili, na wapenzi wa mchezo ule wanaitaja namba hiyo hadi leo. Mimi naitaja ndege. Hakuna safu katika jedwali la wale wataalamu ambayo ingekuonyesha kwamba mmoja wa wale 18 angekufa akiwapelekea watu chakula, na wala si kosa la jedwali. Halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kosa ni letu tunapoliuliza jedwali la mchezo ni mtu gani anastahili.

Nirudi kwenye ubao, maana daftari lilikuwa na jambo jingine.

Kila anayeanza mchezo huu hulenga tatu ya ishirini. Ndiyo alama kubwa, ndiyo wanayolenga mabingwa kwenye televisheni. Aliyeupanga ubao alikuwa mjanja, maana 20 ameizungushia 5 upande mmoja na 1 upande wa pili. Mkono ukitetemeka kidogo unaadhibiwa. Vishale vitatu vikiangukia kimoja hapa na kimoja kila upande, unapata 26, na kwenye daftari letu 26 imeandikwa mara nyingi kuliko namba yoyote. Sasa shuka chini ya ubao. Pembeni mwa 19 kuna 3 na 7: mtu yule yule, kwa mtetemo ule ule, anapata 29. Sogea kwenye 16, iliyokaa kati ya 7 na 8: anapata 31. Mkono haujabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni alichokilenga.

Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Ryan Tibshirani na wenzake, walilichambua jambo hili kwa undani katika makala iliyochapishwa mwaka 2011. Walipima namna vishale vya mchezaji vinavyotawanyika kuzunguka pale anapolenga, kisha wakakokotoa mahali gani pa kulenga panampa wastani mkubwa. Kwa mwenye mkono thabiti kabisa ni tatu ya ishirini. Mtawanyiko ukizidi milimita 16 au 17 hivi, mahali bora panahamia tatu ya kumi na tisa. Ukiendelea kupanuka, mahali hapo panajikunja taratibu kuelekea katikati, na kuishia chini kidogo na kushoto kidogo ya jicho. Kwa maneno mengine, shabaha ya bingwa inaweza kuwa shabaha mbaya kwako, na ukiing'ang'ania kwa sababu tu bingwa anailenga, utabaki na 26 yako mpaka uchoke.

Tulimwita yule mama. Katibu wa vijana akamfungulia ukurasa wake, akamwonyesha vishale vyake vinakokwenda. “Mama, wewe huna shida ya mkono. Ishirini ndiyo inakuibia. Jaribu huku chini kushoto.” Akajaribu. Sitawaambia amekuwa bingwa, maana hajawa. Wastani wake umepanda kidogo, na Jumamosi anakuja.

Namba zile zile zilizokuwa zimemfukuza ndizo zilizomrudisha. Zilipokuwa ukutani zilimwambia yuko wapi kati ya watu. Zilipofunguliwa mbele yake zikamwambia la kufanya. Nadhani hiyo ndiyo tofauti kati ya hesabu ya bwana wa talanta na hesabu zetu nyingi.

Siku hizi kila mtu hucheza dhidi ya wastani wake mwenyewe, na mshindi wa jioni ni aliyeuzidi zaidi. Wachezaji wa gofu walitutangulia kwa hili. Wana kitu wanachokiita hendikapu, kinachomwezesha fundi na anayejifunza kucheza pamoja bila mmoja kuonewa. Na kanuni yao ya sasa, inayotumika kimataifa tangu 2020, ina utu ambao sikuutarajia kwenye mchezo wa matajiri: katika matokeo yako 20 ya mwisho huchukuliwa 8 yaliyo bora, ndiyo yanayotafutiwa wastani. Yale 12 mengine yanawekwa kando. Wapo Wakristo wanaofanya kinyume, wanaochukua mabaya manane ya mwenzao na kusahau mema yote, nao hawachezi gofu.

Sasa niseme na wazazi na walimu, maana hapa pana jambo linalouma.

Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia jambo lililomtokea zamani alipokuwa akiwafundisha wakufunzi wa urubani wa jeshi la anga la Israeli. Aliwaambia kwamba kumsifu mwanafunzi kunajenga kuliko kumwadhibu. Mkufunzi mmoja mzoefu akapinga. Alisema yeye ameona kwa macho yake: mwanafunzi akiruka vizuri akasifiwa, mara inayofuata huharibu, akiruka vibaya akafokewa, mara inayofuata hufanya vizuri. Kwa hiyo tusidanganyane, kufoka ndiko kunakofundisha. Kahneman hakubishana. Alichora shabaha sakafuni, akawaambia wakufunzi wale wasimame wameipa mgongo, kila mmoja arushe sarafu mbili bila kutazama. Waliokaribia sana mara ya kwanza, wengi waliharibu mara ya pili. Waliokuwa mbali kabisa, wengi walikaribia. Na hapo hakuna aliyesifiwa wala kufokewa.

Kilichokuwa kinaonekana ni kurejea kwenye wastani. Baada ya jioni mbaya kuliko kawaida yako, jioni inayofuata kwa kawaida itakuwa nafuu, hata mtu asipokugusa. Baada ya jioni ya ajabu, inayofuata itashuka. Aliyeligundua jambo hili, Mwingereza Francis Galton, aliliandika mwaka 1886 akizungumzia urefu wa watoto na wazazi wao. (Huyu ndiye aliyejaribu pia, mwaka 1872, kupima kwa takwimu kama sala zinafaa kitu, akaona wafalme wanaoombewa kila Jumapili hawaishi muda mrefu kuliko matajiri wengine, akahitimisha vibaya. Sala za makanisa ya kifalme husemwa kwa mazoea. Ningemshauri aanze na bibi mmoja mwenye mjukuu mgonjwa. Hesabu alizijua sana, lakini akaishia kutaka kuwapanga wanadamu kwa ubora na kuamua nani azae, na dunia ililipa gharama ya wazo hilo.)

Sasa mtazame mtoto wako. Kawaida yake hisabati ni 50. Muhula huu kaleta 31. Unamchapa. Muhula ujao analeta 48, nawe unasema fimbo imesema. Lakini 48 ndiyo ilikuwa njiani inakuja, fimbo au hakuna fimbo. Na mara ile aliyoleta 70, ulimsifu, na muhula uliofuata akaleta 52, ukajifunza kwamba sifa zinamharibu. Maisha yenyewe yanatupangia mtego: yanatutuza tunapoumiza na kutuadhibu tunapotia moyo. Mzazi mwema kabisa anaweza kuingia kwenye mtego huu miaka yote ya malezi yake, tena akiwa na ushahidi mkononi.

Najua wapo watakaonitajia fimbo ya Mithali, na hata mlangoni baada ya ibada watanisubiri. Karibuni. Lakini kitabu hicho hicho, sura ya 11, aya ya kwanza kabisa, kinasema jinsi Bwana anavyochukizwa na mizani isiyo ya kweli. Mizani inayompa fimbo sifa ya kazi ambayo fimbo haikuifanya si ya kweli. Malezi yanataka maonyo, sikatai. Ninachokataa ni kuamini kwamba tumeona fimbo ikifaulu, wakati tulichoona ni mtoto akirudi kwenye kawaida yake.

Na yule mtumwa wa tatu? Hatuwezi kumruka kabisa. Watu humwona kama aliyehukumiwa kwa kuleta kidogo, lakini masimulizi hayasemi hivyo. Hakuna mahali bwana alimwambia angeleta tano. Alimwambia angeweza angalau kuiweka kwa watoa riba, faida ndogo kabisa iliyokuwepo mjini. Kosa lake ni kwamba hakurusha hata kishale kimoja. Kwenye daftari letu yupo kijana wa namna hiyo: jina limeandikwa, ukurasa mtupu. Ana wastani gani? Hana. Si sifuri, hana kabisa, kwa sababu huwezi kugawanya kwa sifuri. Aliyerusha akakosa ubao mara zote ana wastani wa sifuri, na huyo tunaweza kumsaidia, tutamwambia asogeze mguu, ashike kishale mbele kidogo. Asiyerusha hatuna la kumwambia.

Ila ninamwogopea huyo kijana, na ninawauliza ninyi: nani alimfundisha kuogopa? Yule mtumwa alisema alimjua bwana wake kuwa mtu mgumu. Mtu akiamini anayepima ni mkatili, atachimba shimo. Kabla ya kumlaumu asiyejaribu, tuangalie kama hatujambandikia orodha ukutani mahali fulani, nyumbani au darasani au hata hapa madhabahuni, tunaposoma majina na kiasi cha ahadi zilizolipwa kwa sauti inayopanda na kushuka. Jambo hili la mwisho nimelipeleka kwenye baraza la wazee, na kuanzia mwezi ujao majina yatasomwa bila kiasi. Bahasha zina namba. Mtunza hazina anajua, na kila mmoja akitaka kuona mwendo wake mwenyewe wa mwaka, ofisi itamfungulia ukurasa wake.

Miaka michache iliyopita Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Kulikuwa na manung'uniko, hasa kutoka kwa shule zilizozoea kutumia nafasi hizo kwenye matangazo. Mimi niliona ni uamuzi mzuri, na bado naona hivyo. Matokeo yapo, yanasomwa, kila mtoto anajua alichopata. Kilichoondoka ni ngazi.

Shule zinafunga wiki ijayo, na watoto wataleta ripoti. Katika ripoti hizo kutakuwa na mahali pameandikwa nafasi yake, ya 43 kati ya 61, na jicho litataka kwenda hapo kwanza. Nawaomba, wazazi wangu na wadogo zangu: kabla hujamwita mtoto, tafuta ripoti ya muhula uliopita, na ya kabla yake kama haijapotea. Ziweke pamoja mezani. Soma alama zake dhidi ya alama zake. Kisha mwite, akae karibu nawe, mzitazame wote wawili, na umwulize ni somo gani anadhani mnaweza kulisukuma mbele muhula ujao.